Hedi ibaki mahali pake: springi za valvu na kamshafti hubadilishwaje bila kuifungua

Mwenye gari akiambiwa "hapa hedi inafunguliwa", yaani kichwa cha injini kinachofunika silinda king'olewe, huanza kupiga hesabu kabla fundi hajafuta mikono. Gasketi ya hedi, bolti mpya, kupeleka hedi kwenye mashine ikasawazishwe, kulanti, oili, halafu siku za kupanda bodaboda wakati gari limelala gereji. Mara nyingi hesabu hiyo ni ya haki. Zipo lakini kazi tatu ambazo wengi hudhani zinalazimisha hedi ing'oke, kumbe hazilazimishi: kubadilisha springi za valvu, kubadilisha sili za valvu, na kubadilisha kamshafti, ile fimbo inayozunguka na kufungua valvu kwa vinundu vyake, ambavyo tutaviita pua. Kwenye injini nyingi zote tatu zinafanyika hedi ikiwa imekaa juu ya bloku kama ilivyotoka kiwandani.

Upo na upande wa pili. Yapo magari yanayofanyiwa kazi hiyo bila kufungua hedi wakati yalitakiwa kufunguliwa. Mteja analipia sili mpya, moshi unapungua, baada ya muda mfupi unarudi vilevile. Kwa hiyo kabla ya kujifunza ujanja wenyewe ni vizuri kujua mpaka uko wapi, na mpaka huo uko kwenye siti ya valvu, ule ukingo ambao valvu huukalia inapofunga. Vitu vinavyokaa juu ya siti unaweza kuvifikia kutoka juu, tapeti kava, kile kifuniko cha juu ya hedi, ikishatoka. Siti yenyewe, uso wa valvu unaoikalia, na gasketi iliyo chini ya hedi, huvifikii mpaka hedi iondoke. Hapo hakuna ujanja.

Tuiangalie valvu moja. Ina kichwa bapa kinachoziba tundu la kuingizia hewa au la kutolea moshi, na shina refu linalopanda juu likipita ndani ya bomba dogo ambalo mafundi huliita gaidi. Juu ya gaidi kuna sili, kofia ndogo ya mpira inayozuia oili isishuke na shina hadi kwenye silinda. Springi inazunguka sili hiyo na kulivuta shina juu muda wote. Juu ya springi kuna kifuniko cha chuma chenye tundu katikati, na ndani ya tundu hilo kuna loki mbili, vipande vya nusu duara vidogo kuliko punje ya mahindi, vilivyong'ata kijifereji kilichochongwa kwenye shina. Loki zina umbo la kabari. Kadiri springi inavyosukuma kifuniko juu ndivyo zinavyozidi kulikaza shina, kama kabari inavyokaza mpini wa jembe. Hakuna bolti wala nati. Ukiikandamiza springi milimita kadhaa, loki zinalegea na unaweza kuzinyofoa kwa sumaku. Kuanzia hapo springi inatoka, na sili inafuata.

Tatizo ni hilohilo: springi ikitoka, hakuna tena kinachoishikilia valvu. Inadondoka ndani ya silinda. Ikidondoka yote, hedi itafunguliwa, utake usitake. Maarifa yote ya kazi hii, tangu vifaa hadi utaratibu, yanazunguka swali moja la kuizuia valvu isianguke.

Kabla ya kufika huko, kwa nini mtu ahangaike kuepuka kufungua hedi? Gharama ni sababu ya kwanza, na hiyo kila mtu anaijua. Ya pili inatuhusu zaidi sisi wa kanda ya kati. Maji ya visima vingi huku yana chumvi, na magari mengi yamejaziwa maji hayo kwenye rejeta kwa miaka, kulanti ikionekana ni anasa. Chumvi hiyo hula aluminiamu taratibu, hasa kuzunguka matundu ya maji kwenye uso wa hedi. Gasketi ya zamani ikiwa imeshakaa na kushikana na mashimo hayo, inaziba. Ukiinyanyua hedi, unakuta uso uliolika ambao gasketi mpya haiwezi kuuziba mpaka hedi ichongwe, na ikiwa imelika sana inabidi kutafuta nyingine. Injini iliyokuwa haivuji inaanza kuvuja kwa sababu imefunguliwa. Sisemi hedi isifunguliwe kamwe. Nasema gasketi inayofanya kazi yake vizuri ni mali, usiibomoe bila sababu.

Sababu ya kweli huonekana kwenye vipimo. Dalili za nje husaidia kuanzia: gari likitoa moshi wa bluu asubuhi linapowashwa kisha ukakatika, oili imeshuka usiku kupitia sili zilizokauka. Likitoa moshi wa bluu kila unapokanyaga mafuta, mchana kutwa, mshukiwa mkuu ni ringi za pistoni, na huko sili mpya hazifiki. Springi iliyovunjika huleta misi, yaani kutowaka sawasawa, kwenye silinda moja na mlio wa kugonga juu ya injini. Springi iliyochoka ni ya siri zaidi: gari linakwenda vizuri mpaka injini ipande mizunguko mingi, hapo nguvu inakatika ghafla, kwa sababu valvu hairudi kufunga kwa wakati. Kamshafti iliyolika inamega nguvu pole pole, na ukifungua tapeti kava utaiona pua iliyopoteza umbo, imekwaruzika na kuwa butu kuliko wenzake.

Kisha pima kompresheni, yaani shinikizo la hewa inayokandamizwa kwenye kila silinda, na hapa kuna jambo ambalo huwapoteza watu wa Dodoma. Vitabu vya injini vinatoa kipimo kwa mahali pa usawa wa bahari. Mji wetu uko takribani mita 1,100 juu, hewa ni nyepesi, na kinachoingia kwenye silinda ni kidogo kuliko kinachoingia Dar es Salaam, kwa kama asilimia 12. Injini inayosoma bar 13 Kariakoo itasoma bar 11 na kitu hapa, ikiwa nzima kabisa. Fundi asiyelijua hilo huweza kuihukumu injini bure. Cha kuangalia zaidi ni tofauti kati ya silinda na silinda. Zote zikiwa chini kidogo na zinalingana, tulia. Moja ikiwa imeanguka peke yake, tafuta sababu.

Sababu hiyo inatafutwa kwa upepo. Toa plagi, zungusha injini kwa mkono mpaka pistoni ya silinda husika iwe juu kabisa kwenye mpigo wa kukandamiza, valvu zote za silinda hiyo zikiwa zimefungwa, kisha ingiza upepo wa kompresa kupitia tundu la plagi. Sasa sikiliza. Upepo ukitoka kwenye ekzosti, valvu ya ekzosti haikai kwenye siti yake. Ukisikika kwenye njia ya hewa, ni valvu ya inteki. Ukitoka kwenye mdomo wa kujazia oili, unapita kwenye ringi. Kiasi kidogo ni kawaida kwa injini yoyote. Mapovu yakitokea kwenye rejeta, gasketi ya hedi imekufa au hedi imepasuka. Dakika chache za kusikiliza hivi zinaamua kazi nzima. Valvu ikivuja kwenye siti, au gasketi ikiwa imekufa, funga daftari la "bila kufungua hedi". Ikiwa silinda inashika upepo vizuri na shida ni moshi wa asubuhi, springi au kamshafti, hakuna sababu ya kuigusa gasketi.

Upepo uleule wa kupimia ndio unaozuia valvu isianguke. Adapta yake ni bomba lenye nyuzi za plagi upande mmoja na kishikio cha paipu ya kompresa upande wa pili. Mpira wa geji ya kompresheni unafaa pia, alimradi utoe ile vali ndogo ya ndani, maana inaruhusu upepo kurudi upande wa geji tu. Mafundi wengine hutengeneza adapta kutokana na plagi ya zamani: wanavunja kauri ya ndani na kuchomelea kishikio.

Je, upepo una nguvu ya kutosha? Chukua injini ya 1NZ, ile ya Toyota IST nyingi zinazozunguka mjini hapa. Kipenyo cha silinda ni milimita 75. Kwa upepo wa bar 6, valvu yenye kichwa cha milimita 30 inasukumwa juu kwa nguvu ya kama kilo 43. Hiyo inaitosha kukaa, hata ukigonga kidogo juu yake. Lakini upepo huohuo unaisukuma pistoni chini kwa kama kilo 270. Pistoni ikiwa juu kabisa, msukumo huo unashuka wima kwenye krenki, ile shafti ya chini inayozungushwa na pistoni, na haizunguki. Ikiwa imepita kidogo, krenki inazunguka kwa kishindo, na spana uliyoiacha kwenye bolti ya puli inageuka rungu. Kwa hiyo spana inatolewa kabla ya upepo kuingia, kila silinda, kila mara, na vidole viwe mbali na mkanda na feni. Gari la gia za kawaida liwekwe kwenye gia na hendibreki ivutwe. La otomatiki halisaidiwi na hilo, krenki inabidi izuiwe kwa kifaa.

Wapo wanaopendelea kuiweka pistoni chini kabisa, kwa hoja kwamba pale pia krenki haizunguki. Hoja ni sahihi na bado mimi nisingeifuata. Upepo hutegemea kompresa, kompresa hutegemea umeme, na umeme hukatika. Pistoni ikiwa juu, valvu iliyopoteza upepo inashuka kidogo tu na kukaa juu ya pistoni; shina bado limo kwenye gaidi na unalivuta kwa sumaku. Pistoni ikiwa chini, valvu ina silinda nzima ya kuangukia.

Njia ya pili haihitaji umeme. Ni kamba. Chukua kamba safi ya nailoni isiyochambuka, unene wa kidole kidogo au pungufu, ipitishe kwenye tundu la plagi wakati pistoni iko chini kidogo ikipanda kwenye mpigo wa kukandamiza. Jaza mpaka iwe rundo humo ndani, acha ncha ndefu nje na uifunge fundo ili isimezwe. Zungusha krenki taratibu kwa mkono. Pistoni inapanda, inaibana kamba kwenye dari ya silinda, na kamba inazikandamiza valvu kwenye siti zake. Hapo hazina pa kwenda. Kosa la hatari ni kuingiza kamba wakati valvu iko wazi: inaweza kung'ata kamba au kupindwa. Hakikisha pua za kamshafti za silinda hiyo zinatazama mbali na valvu kabla ya kuanza. Kama kamshafti imeshatoka, valvu zote zimefungwa na springi zake, na wasiwasi huo haupo. Fundi aliye Mpwapwa au Kondoa vijijini na hana kompresa anaweza kuimaliza kazi yote kwa kamba.

Dizeli ni habari nyingine. Land Cruiser za injini ya 1HZ, zile za mkonga, na Hiace za zamani za 3L na 5L zina chumba kidogo cha mwako pembeni ya silinda, na matundu ya nozeli na ya plagi za moto yanaingia kwenye chumba hicho. Kamba haifiki kwenye silinda. Upepo unafika, lakini mara nyingi hata hauhitajiki sana: injini hizi zinakandamiza hewa zaidi ya mara 20, ikimaanisha kwamba pistoni ikiwa juu kabisa inakaribia kugusa hedi. Valvu ikiachiwa inashuka milimita chache tu na kukaa juu ya pistoni. Kwa dizeli ya namna hiyo pistoni yenyewe ndiyo kishikio, mradi usiiguse krenki mpaka loki zirudi. Ukaribu huohuo ndio unaofanya dizeli isisamehe taimingi iliyokosewa, yaani kamshafti na krenki zisizolingana, tutaliona mbele.

Sasa kazi ya mikono. Kibanio cha springi kinachotumika hedi ikiwa mezani kina umbo la herufi C, kinashika kichwa cha valvu chini na kifuniko cha springi juu. Kwenye gari chini hakufikiki, kwa hiyo unatumia kibanio cha mkono mrefu kinachoegemea kwenye hedi au kwenye fimbo iliyofungwa mahali pa kofia za kamshafti. Springi za Toyota nyingi zimezama ndani ya shimo ambamo tapeti ya kikombe hukaa, kati ya pua ya kamshafti na valvu, kwa hiyo kamshafti na tapeti hutoka kwanza. Kuta za shimo hilo ni laini na zimenyooka kwa vipimo vya mikroni. Kibanio kikikwaruza ukuta, tapeti itakwama, na utakuwa umeiharibu hedi uliyokuwa unailinda.

Kabla ya kuanza, ziba kila tundu la oili linaloonekana kwa kitambaa safi kisichotoa nyuzi. Injini ya valvu 16 ina loki 32, na moja ikitumbukia kwenye tundu la oili inaishia kwenye sampu, bakuli la oili chini ya injini. Kisha weka soketi juu ya kifuniko cha springi, nje ya loki, na uigonge mara moja kwa nyundo ya mpira. Loki zilizokaa miaka hushikana na kifuniko, na bila pigo hilo utabana kibanio mpaka kipinde na zisitoke. Bana, chota loki kwa sumaku nyembamba, achia, toa springi. Sili inavutwa kwa koleo ya mdomo mrefu ikizungushwa huku inapanda. Mpya inapakwa oili na kusukumwa kwa soketi ndogo mpaka uhisi imekaa. Za inteki na za ekzosti kwa kawaida zina rangi tofauti na hazibadilishani.

Hapa ndipo fundi mzuri anapoachana na fundi wa haraka. Springi ikiwa nje, pistoni ikiwa juu kabisa, achia upepo. Valvu itashuka na kukaa juu ya pistoni. Ishike shina kwa vidole ulitikise kushoto na kulia. Mchezo mdogo mno usioonekana kwa macho unakubalika. Likicheza waziwazi, gaidi limelika, na sili mpya itachokonolewa na shina linaloyumba mpaka ife. Mazungumzo ya hapo huwa magumu, maana mteja alishaahidiwa kwamba hedi haifunguliwi.

"Fundi, si ulisema ni sili tu?"

"Nilisema, mama. Lakini njoo ulishike mwenyewe hili shina. Nikikufungia hivi utarudi na moshi uleule, na hela ya sili itakuwa imekwenda."

Mteja akilitikisa kwa mkono wake mwenyewe, haelezwi mara mbili.

Kurudisha ni safari ileile kinyumenyume. Springi ambazo mizunguko yake imekaribiana upande mmoja hukaa upande huo ukiwa chini, kwenye hedi. Loki zinapakwa grisi nzito ili zishikilie shina wakati unaachia kibanio. Ukishaachia, gonga ncha ya shina polepole kwa nyundo ya mpira, silinda ikiwa bado na upepo. Loki iliyokaa vibaya itaruka hapo hapo mbele ya macho yako. Ni nafuu kuliko kuruka injini ikiwa kwenye mizunguko 4,000 kwa dakika barabara ya Kibaigwa.

Kamshafti ni kazi tofauti, ingawa unapita mlango uleule. Inategemea iko wapi. Kwenye karibu kila gari la Kijapani linalotembea hapa, kamshafti iko juu ya hedi, imeshikwa na kofia ndogo za bolti. Hapo hakuna fumbo: haigusi gasketi ya hedi kwa namna yoyote. Hata Land Cruiser V8 za misafara ya Mtumba, mji wa serikali, ambazo watu huziogopa kwa jina tu, zina kamshafti nne na zote ziko juu. Mkanganyiko unatokana na V8 za Marekani. Mtu akisoma maelekezo ya GM, kampuni ya magari ya huko, kuhusu kubadilisha kamshafti bila kutoa hedi, anasoma habari ya injini yenye kamshafti moja iliyolala ndani ya bloku, chini, katikati ya safu mbili za silinda, ikisukuma valvu kwa fimbo ndefu. Kwa hiyo anakuta habari za kung'oa rejeta, na anashangaa IST yake inahusikaje.

Kwenye injini za kamshafti ya juu, ugumu uko kwenye kulegeza. Baadhi ya pua zinakuwa zimekandamiza springi wakati wowote, kwa hiyo kamshafti inasukumwa juu upande mmoja na kutulia upande mwingine. Ukifungua kofia moja mpaka mwisho huku nyingine zimekaza, kamshafti inakaa mshazari; inaweza kuvunjika, au kupasua sehemu ya hedi inayoizuia isitembee mbele na nyuma. Bolti zinalegezwa kidogo kidogo kwa raundi kadhaa, kuanzia ncha mbili kuelekea katikati, ili kamshafti ipande ikiwa mlalo. Wakati wa kukaza ni kinyume, kutoka katikati kwenda nje. Bolti hizo ni ndogo, kwenye Toyota nyingi hazifikii hata Nm 30, na nyuzi zake ziko kwenye aluminiamu. Toki renchi, spana inayopima ukazaji, inatumika, mkono uliozoea nati za magurudumu unawekwa kando. Kofia zina namba na mshale. Zilitobolewa pamoja na hedi, kwa hiyo haziazimwi kutoka injini nyingine wala kubadilishana nafasi.

Injini ya 3S ya Noah za zamani ina mtego wake. Kamshafti moja huzungushwa na mkanda, na hiyo huizungusha ya pili kwa gia. Gia ya ile ya pili imegawanyika mara mbili, na kati yake kuna springi inayoondoa mlio. Kuna tundu la bolti ndogo ya milimita 6 la kuzifunga gia hizo mbili pamoja kabla kamshafti haijatoka. Ukisahau, gia zinajigeuza, na kuzirudisha kunataka mikono mitatu.

Kwa injini za cheni, hofu ni cheni kudondokea ndani na tensha, kikaza cheni, kujiachia. Geuza injini mpaka alama ziwe mahali pake, paka rangi pingili za cheni zinazokutana na alama za gia, ifunge cheni kwa waya isizame. Kwenye 1ZZ, ya Premio na RAV4 kadhaa, tensha inafikika kwa nje na inatolewa kwanza. Tensha ikitoka nje na kujisukuma, irudishe ndani na kuifunga kwa ndoano yake kabla ya kuipachika tena. Zile ambazo tensha imefichwa ndani ya kava ya taimingi zinataka kusoma kitabu cha injini hiyo hasa, kubahatisha hakufai.

Kurudi kwa Wamarekani kwa ufupi, kwa kuwa magari yao machache yapo na maswali hayaishi. Kamshafti yao inatolewa kwa mbele kama fimbo, lakini tapeti zilizoiegemea kutoka juu zitaanguka kwenye njia yake. Kwenye V8 za GM za kizazi kilichoanza 1997, tapeti zimeshikwa kwenye vibebeo vya plastiki. Roka, mikono midogo inayobonyeza valvu, na fimbo za valvu zikishatoka, ukiizungusha kamshafti mara kadhaa tapeti zinasukumwa juu na vibebeo vinazing'ata hapo. Wengine huongeza fimbo mbili ndefu kwenye njia za oili kwa usalama. Kamshafti inatoka, mpya inaingia, hedi hazijaguswa. Ila tapeti yenyewe ikiwa imelika, kwenye injini hizo haitoki bila kufungua hedi. Kwenye V8 zao za zamani za mwaka 1955 na kuendelea, tapeti hutoka katikati ukishaondoa manifoldi ya inteki, mabomba ya kugawa hewa kwa silinda. Kamshafti mpya yenye tapeti bapa haiwekwi na tapeti za zamani, na ikiwashwa mara ya kwanza haiachwi sailensa, yaani ikinguruma polepole: inashikiliwa kwenye mizunguko 2,000 na zaidi kwa kama dakika 20 ili nyuso zizoeane zikiwa zimelowa oili.

Kwa nini springi na kamshafti hutajwa pamoja? Kamshafti inayoinua valvu zaidi inaikandamiza springi zaidi. Springi ya kiwandani inaweza kufika mahali mizunguko yake inagusana kabla pua haijamaliza kuinua, na hapo kitu lazima kivunjike. Ukiweka kamshafti ya kawaida ileile, hili halikuhusu.

Linalokuhusu ni uwazi wa valvu. Kamshafti mpya haina unene sawa kabisa na ile iliyolika, kwa hiyo nafasi kati ya pua na tapeti inapimwa upya, injini ikiwa baridi. Kwa 1NZ ni milimita 0.15 hadi 0.25 upande wa inteki, na 0.25 hadi 0.35 upande wa ekzosti. Ikizidi, utasikia tapeti zikipiga kelele. Ikipungua hakuna kelele yoyote, na hiyo ndiyo mbaya: valvu haifungi vizuri ikipata moto, inaungua taratibu, na siti inaungua nayo. Uwazi kwenye injini hiyo unarekebishwa kwa kubadilisha tapeti yenyewe, namba iliyochongwa chini yake inaonyesha unene.

Kazi hii ikifanyika kati ya Juni na Novemba, upepo wa Dodoma unapobeba vumbi la barabara nzima, injini iliyo wazi chini ya mti ni mwaliko. Vumbi letu lina mchanga, na mchanga juu ya pua mpya ya kamshafti hufanya kazi ya msasa. Funika kila unapopumzika, fanya silinda moja moja, na mimina oili safi juu ya pua na tapeti zote kabla ya kufunga. Na kama kamshafti ya zamani ilikufa kwa kukosa oili, chunguza njia za oili na chujio la mdomo wa pampu kwenye sampu, la sivyo mpya itafuata njia ileile.

Kabla ya kugusa swichi, toa vitambaa vyote na kamba, hesabu vifaa. Weka spana kwenye bolti ya puli na uzungushe krenki kwa mkono mizunguko miwili kamili, ambayo kwa kamshafti ni mmoja. Ikigoma mahali, usiisukume. Rudi nyuma, angalia alama za taimingi, kwa sababu inayogoma huenda ni valvu iliyokutana na pistoni, na kwa nguvu ya mkono bado hujapinda kitu, stata ingepinda. Ikizunguka laini, rudisha plagi na uwashe. Moshi wa bluu hautakatika siku hiyohiyo hata kama sili zimekaa sawasawa: oili iliyokwisha kujikusanya kwenye ekzosti itaendelea kuungua kwa safari kadhaa. Baada ya hapo toa plagi uzitazame. Zikiwa kavu na za rangi ya kahawia hafifu, sili zinashika. Iliyolowa oili nyeusi inakuonyesha silinda ya kurudia.